Enzi Tairi Kuukuu Lilipokuwa Mali

Katika Arusha niliyokulia, tairi kuukuu lilikuwa na bei. Madalali walizunguka gereji kwa gereji wakiulizia vipara vya malori hata kabla havijavuliwa kwenye ringi, na dereva aliyebadilisha tairi alijua pa kulipeleka lile la zamani ili arudi na hela mfukoni. Baba yangu alikuwa mmoja wa wanunuzi. Alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya tairi, na kwa kisu chake alitusomesha watoto wote. Mimi nikawa mwalimu wa historia. Sasa nimestaafu, na kila nipitapo kwenye makorongo ya pembezoni mwa mji nayaona matairi yamerundikwa, mengine yamejaa maji ya mvua, mengine yanafuka moshi mweusi. Hakuna dalali anayeyataka. Vijana wengi huamini kwamba tairi lililochakaa limekuwa taka tangu mwanzo. Haikuwa hivyo, na inatupasa tujue lilivyogeuka, kwa sababu njia ya kutoka kwenye tatizo hili imo ndani ya historia yake.

Historia hiyo inaanza kwenye utomvu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hukaza na kunyumbuka. Haunati wakati wa joto wala haupasuki wakati wa baridi. Salfa hufunga nyuzi za mpira kwa vifungo visivyofunguka kirahisi. Nguvu ya tairi imo humo, na balaa lake limo humo humo. Chuma chakavu huyeyushwa kikawa chuma kipya. Ndoo ya plastiki iliyovunjika yaweza kuyeyushwa ikafinyangwa upya. Mpira uliokwisha kupikwa na salfa haurudi kuwa utomvu, kama ugali usivyorudi kuwa unga. Ukiutia moto hauyeyuki ukakaa tayari kwa kazi nyingine, unaungua.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hati miliki ya tairi la upepo alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Muda si mrefu dunia ikawa na kiu ya mpira, na kiu hiyo ilifika kwetu kabla ya magari yenyewe. Kusini, katika nchi za Wamatumbi na Wangindo, watu walichanja mitoria porini, wakaviringa utomvu uliokauka kuwa madonge, na madonge hayo yakashuka hadi Kilwa na Lindi kusafirishwa ng'ambo. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, kati ya mwaka 1885 na 1908, kiu hiyo hiyo ilizaa mauaji: vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira, wanawake wakashikwa mateka mpaka waume zao warudi na mzigo, na mikono ya watu ikakatwa. Huku Muheza, Wajerumani walipanda mashamba ya mpira wa Ceara, mti wa jamii ya muhogo uliotoka Brazil. Mwaka 1913 bei iliporomoka kwa sababu mashamba ya Malaya na visiwa vya jirani yalikuwa yamelifurika soko, na mashamba ya Muheza yakaachwa. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliikumbuka miti ile, na wanaume wa Tanganyika wakapelekwa kwa nguvu ya sheria kwenda kuigema.

Nilipofundisha mambo haya darasani niliweka jozi ya katambuga juu ya meza ya mwalimu. Nilitaka wanafunzi waelewe kwamba mpira waliouona pale ulikuwa na jasho la watu wengi ndani yake, na mahali pengine damu. Kitu kilichowagharimu watu kiasi hicho hakikustahili kutupwa ovyo, na wazee wetu, kwa sababu zao wenyewe, hawakukitupa.

Kabla ya tairi palikuwa na ngozi. Watu wa pwani walivaa makubazi, na Wamaasai walivaa ndala za ngozi ya ng'ombe. Ngozi ina uzuri wake, lakini mvua huilainisha na mwiba mrefu wa mgunga huipenya. Malori yalipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yakaacha matairi kila yalipopita, fundi wa viatu alijikuta na malighafi ambayo mwiba hauipenyi na maji hayaidhuru. Hivyo ndivyo kiatu cha tairi kilivyoenea Afrika Mashariki nzima. Sisi tunakiita katambuga, Wakenya akala, Waganda lugabire. Mbali na hapa, wapiganaji wa Vietnam walitembea msituni na viatu vya namna hiyo hiyo.

Watu hudhani ni kazi ya kukata tu. Baba alianza kwa kulichagua tairi. Alipenda la lori kuliko la gari dogo, kwa sababu mviringo wa tairi dogo ni mkali na soli yake hujikunja juu kama inataka kurudi kuwa gurudumu. Alikata kwanza kingo zote mbili, zile zenye waya nene unaolikaza tairi kwenye ringi. Kisha alitenga ubavu na sehemu ya kukanyagia. Kisu alikichovya kwenye maji ya sabuni kila mara, maana mpira mkavu hung'ang'ania makali na kuyakwamisha. Baada ya hapo ikaja kazi iliyohitaji mikono miwili na goti: kuchana tabaka. Tairi la zamani lilikuwa na tabaka za nyuzi za nailoni, zimepandana kimshazari, zimeshikwa na mpira katikati. Baba alichanja pembe kwa ncha ya kisu, akashika tabaka la juu kwa koleo, mdogo wangu akashika la chini, wakavuta huku kisu kikitangulia katikati. Tabaka nene lenye kashata za tairi likawa soli. Tabaka jembamba likawa gidamu na mikanda. Misumari midogo ilipigwa kutoka chini na kukunjwa juu ya chuma, ili ncha isiuguse mguu.

Wateja wake walitoka Monduli, Longido na Simanjiro. Walikuwapo wafugaji waliotembea na ng'ombe siku nzima juu ya mawe, na wachimbaji wa Mererani, ambako tanzanaiti ilianza kuchimbwa mwaka 1967. Mmaasai hakununua bila kuvaa kwanza, akatembea hadi barabarani na kurudi, akiutazama mguu wake unavyokaa. Kama mkanda uliminya kidole gumba, baba aliulegeza pale pale. Kiatu kile kilidumu miaka, na soli ilipokwisha kabisa kilirudishwa kuongezwa kipande.

Mabaki nayo yalikuwa na wenyewe. Ubavu wa tairi ulikatwa mikanda ya kusukia vitanda na kutandika viti vya sofa chini ya godoro. Vipande vifupi vilikuwa bawaba za milango ya mabanda ya kuku. Mafundi wa magari walichukua vipande vinene wakachonga bushi. Tyubu ilikuwa na kazi nyingi zaidi: kamba za kufungia mzigo kwenye baiskeli, manati za watoto, viraka vya tyubu nyingine, na ndoo laini za kuchotea maji kisimani zisizopasuka zikigonga jiwe. Kwenye bandari za Tanga na Mombasa, tairi zima lilining'inizwa ubavuni mwa chombo ili kisigongane na gati. Nikiyajumlisha hayo yote naona mfumo kamili wa kulipokea tairi lililomaliza safari, mfumo ambao haukuwa na ofisi wala kanuni za maandishi. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, wachumi walianza kuwatambua watu wa namna ya baba, mafundi wa jua kali, kuwa watu wenye kazi ya kweli inayobeba uchumi. Mafundi wa akala pale Gikomba, Nairobi, wangeweza kuwaambia hivyo mapema zaidi.

Uhaba uliupa mfumo huo nguvu. Mwaka 1971 kiwanda cha General Tyre kilianza kuzalisha matairi hapa Arusha, serikali ikishirikiana na kampuni ya Marekani, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero yakawa sehemu ya mpango wa kukilisha. Tulijivuna kwamba nchi yetu inatengeneza matairi yake. Lakini muongo huo ulileta mafuta ghali kuanzia 1973, na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, na baada yake ukosefu mkali wa fedha za kigeni. Tairi jipya lilipatikana kwa kibali. Mabasi yaliwekwa juu ya mawe yakisubiri tairi. Lililokwisha kashata lilipelekwa kuvishwa mpira mpya, likarudi barabarani, na likitoka hapo likatembea mpaka nyuzi zikachungulia. Wakati huo huo viatu vya dukani viliadimika, na katambuga zikavaliwa na walimu, makarani na wanafunzi wa sekondari, nami nikiwa miongoni mwao. Baba hakuwa na siku ya kukaa bure. Tatizo lake lilikuwa kupata matairi ya kutosha.

Mageuzi yaliyouvunja mfumo huo yalianzia Ufaransa. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ilipata hati miliki ya tairi la namna mpya, na kuanzia 1949 ikaliingiza sokoni. Ndani yake, nyuzi za mwili zilipita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake ukazungushwa mkanda wa nyaya nyembamba za chuma. Tairi hilo lilidumu zaidi, lilipunguza matumizi ya mafuta na liliishika barabara vizuri. Kwa dereva lilikuwa baraka. Lilienea polepole ulimwenguni, likaanza na magari madogo, kisha likaingia kwenye mabasi na malori.

Kwa fundi wa katambuga lilikuwa ukuta. Kisu hakikati waya wa chuma. Tabaka haziachani kwa koleo. Ukilazimisha kwa msumeno, nyaya hukatika na kuacha ncha kama sindano, nazo hutokeza siku moja kwenye unyayo wa mteja. Baba aliyakataa matairi ya waya tangu alipoyajua, akawa anategemea wafanyabiashara waliomletea vipara vya nailoni vya malori kutoka Singida na Dodoma. Kila mwaka walileta vichache zaidi.

Wingi nao ukabadilika. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 milango ilifunguka zaidi, hata watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kuteremka bandarini, mengi yakipitia Dubai, kila moja likiwa na matairi manne ya waya na la akiba, tayari yamekula sehemu ya umri wake. Kandambili za plastiki za bei ya chini zikajaa sokoni. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, General Tyre nayo ilikuwa imesimamisha uzalishaji. Mambo matatu yalikutana: matairi yakawa mengi, yakawa hayakatiki kwa kisu, na kiatu chake kikakosa wanunuzi wa mjini. Bei ya tairi kuukuu ikashuka hadi sifuri. Siku hizi mwenye gereji humlipa mwenye mkokoteni ayaondoe, bila kuuliza yanakokwenda.

Kilichobaki na bei ndani ya tairi ni waya tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu hununua kwa kilo, na njia nyepesi ya kuutoa ni kulichoma tairi usiku korongoni. Nimeuona moto huo mara nyingi, na wanaouwasha ni vijana, wengine wana umri wa wanafunzi niliowafundisha. Wanavuta masizi, benzini na gesi za salfa kwa sababu ya kipande cha waya. Moshi hauchagui mapafu: unaingia kwao kwanza, kisha kwenye nyumba za bondeni, na mafuta meusi yanayobaki chini huoshwa na mvua hadi kwenye mito tunayomwagilia mboga. Siwalaumu vijana hao. Wa kulaumiwa ni sisi tuliowaachia kazi ya kumaliza tairi bila kuwapa njia nyingine ya kulimaliza.

Tairi lisilochomwa nalo lina madhara yake. Umbo lake hushika maji ya mvua hata ukiligeuza, kivuli chake huyazuia yasikauke, na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, hupenda mahali hapo kuliko pengine. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Mbu huyo hueneza homa ya dengue na chikungunya. Ugonjwa huu wa pili ulitambuliwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza hapa nchini, katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 huko Newala, kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka 1985 jamaa wa mbu huyo kutoka Asia aliingia Marekani kupitia mji wa Houston, akiwa amesafiri ndani ya matairi ya mtumba. Dar es Salaam ilipopigwa na dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019, wataalamu waliwasihi watu wamwage maji yaliyotuama kwenye vyombo na matairi. Kila tairi lililolala nyuma ya nyumba lilikuwa sehemu ya ugonjwa ule.

Nchi tajiri zilianguka kwenye shimo hilo kabla yetu. Mwaka 1972, karibu na Fort Lauderdale huko Florida, matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa baharini kwa matumaini kwamba yatakuwa makazi ya samaki. Kamba zilikatika, mawimbi yakayasukuma yakaharibu matumbawe hai, na miongo kadhaa baadaye wapiga mbizi walikuwa bado wanayatoa. Mwaka 1990 rundo la mamilioni ya matairi liliwaka Hagersville, Kanada, na moto ukachukua siku 17 kuzimwa. Huko Kuwait, jangwa la Sulaibiya lilibeba matairi zaidi ya milioni 40, na yalimalizwa kuhamishwa mwaka 2021 tu. Umoja wa Ulaya ulichukua hatua kwa sheria ya mwaka 1999: tairi zima likapigwa marufuku kufukiwa dampo kuanzia 2003, na lililokatwa vipande kuanzia 2006. Marufuku hiyo ilizaa viwanda vya kulisaga tairi na kutenganisha chuma, nyuzi na chembe za mpira za kutandaza viwanja vya michezo na kuchanganya kwenye lami.

Hatuhitaji kwenda Ulaya kuona inawezekana. Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kimetumia matairi kuukuu kama kuni za tanuri. Tanuri la saruji lina joto la kufikia nyuzi 1,450 za Selsiasi kwenye klinka, yaani mawe yanayosagwa kuwa saruji, na moto wake ni mkali zaidi ya hapo. Kwenye joto hilo mpira huungua kabisa bila kuacha moshi ule wa korongoni, na chuma cha waya huingia ndani ya saruji kama kiungo. Kenya pia ilitunga sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, inayomwekea mtengenezaji na mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Lakini halmashauri haiagizi matairi wala haiyauzi. Kuiachia peke yake mzigo huu ni kumtwisha mtu gunia la mwenzake.

Enzi za baba zinanifundisha jambo moja: tairi liliisha vizuri kwa sababu kulimaliza kulikuwa na malipo. Wazee wetu hawakuwa watu wasafi kuliko sisi. Walikuwa na nailoni inayokatika, wateja wanaotembea kwa miguu, na uhaba uliokipa kila kipande thamani. Hayo matatu yameondoka, na mahubiri ya usafi hayatayarudisha. Malipo mapya lazima yapangwe, na mahali pa kuyapata ni dukani, kwa fedha ndogo inayoongezwa kwenye bei siku tairi jipya linapouzwa.

Fedha hiyo ndogo, ikikusanywa kwa uaminifu, inatosha kumlipa mwenye mkokoteni alifikishe tairi kwenye kituo cha kukusanyia badala ya korongo, kumwajiri kijana wa moto wa usiku kwenye mashine ya kusaga, na kusafirisha shehena hadi tanuri la saruji. Mafundi wa katambuga wapewe nafasi ya kwanza pale kituoni wachague matairi ya nailoni, kwa maana bado yapo kwenye trela na mashine za shambani, na bado Mmaasai wa Longido hajapata kiatu kinachomfaa zaidi. Anayevisha tairi mpira mpya naye asaidiwe, kwa sababu tairi linalorudi barabarani ni tairi moja pungufu korongoni.

Kwa sasa, mwenye tairi nyumbani aliweke chini ya paa. Akilitumia kupandia maua au kujengea uwanja wa watoto, alitoboe matundu chini ili maji yasikae. Asilichome, wala asimlipe mtu alichome kwa niaba yake. Anapobadilisha tairi, amuulize fundi wa gereji tairi la zamani linakwenda wapi, na asitosheke na jibu la kwamba litaondolewa tu. Nasi tuwabane waheshimiwa tuliowachagua mpaka iwe sheria kwamba anayeuza tairi jipya analipokea la zamani, na gharama ya kulimaliza imo ndani ya bei tangu siku ya kwanza.